Nimenunua nyumba Lamu nikiwa Mtanzania: maoni yangu juu ya dalali, wakili na fundi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwamu, yaani mtu wa Lamu, Kenya. Aliletwa Tanga kwa jahazi akiwa mwari, akaolewa Ngamiani, akazikwa hukohuko bila kurudi kwao hata mara moja. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilipopata kiinua mgongo changu mwaka 2022 na kuuza viwanja viwili nilivyokuwa navyo Pongwe, nilijua pesa hiyo inakwenda wapi. Nikatafuta maelezo ya Mswahili wa nchi jirani aliyewahi kununua nyumba Lamu, nisome alifanyaje, nisipate. Niliyoyakuta yalihusu Wazungu na nyumba za kifahari za kijiji cha Shela. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu, kwa faida ya wa Tanga, Pemba, Unguja, Kilwa na hata Ngazija wanaoutamani mji ule kama nilivyoutamani mimi.

Majina siandiki. Lamu ni mji mdogo na kila mtu ana jamaa. Nitaeleza huduma nilizolipia, nani alinifaa na nani hakunifaa.

Nianze na dalali, maana ndiye aliyenipokea. Nilivuka mpaka wa Horohoro asubuhi, nikalala Mombasa, kesho yake nikapanda basi la Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Dalali alikuwa gatini. Akaubeba mkoba wangu, akaniita "dada yetu wa Tanga," na kwa siku tatu hakuchoka. Alinionyesha nyumba sita. Anavijua vichochoro vyote, anajua nyumba gani ina kisima na ipi inategemea maji ya bomba yanayotoka kwenye michanga ya Shela. Katika hilo namsifu kwa moyo mweupe.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyoniteka. Iko mtaa wa Mkomani, nyuma kidogo ya Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, kuta zake za matumbawe nene kuliko urefu wa mkono wangu. Unaingia tekani, yaani ukumbi wa mlangoni, unapinda, unakuta kiwanda, ndio ua wa ndani, kiko wazi juu, kisha misana miwili, vyumba virefu vinavyofuatana, na chumba cha mwisho kiitwacho ndani, chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukuta mzima. Bibi alikuwa akitusimulia zidaka. Alisema kwao walipanga humo sahani za Kichina na chetezo, na sisi watoto tulidhani anatutungia. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikashindwa kusema neno. Dalali aliona. Bei, akasema, ni shilingi milioni 5.2 za Kenya, na kuna Mtaliano anaitaka, basi nitoe kishika nafasi cha shilingi 60,000 leo hii. Nikamtumia kwa M-Pesa. Sikupewa risiti, na zaidi ya ujumbe wa simu sikuwa na ushahidi wowote.

Kesho yake baada ya alasiri nilirudi peke yangu, nikitaka tu kuitazama tena kwa nje. Kwenye daka, yaani baraza la mlangoni, la nyumba ya pili alikuwa amekaa mzee mmoja na tasbihi yake. "Ndoo ukae, mwanangu," akaniambia. Nikakaa. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, nikamtajia na bibi. Tukazungumza kitambo kizuri habari za jahazi na za watu waliohama. Nilipomwambia kwamba nataka kuinunua nyumba ile, alinyamaza, kisha akasema, "Nyumba hini si ya mtu moya." Akaanza kuhesabu kwa vidole: wawili wako Mombasa, mmoja Malindi, wengine Jidda, wengine Maskati, na kuna watoto wa marehemu binti mkubwa ambao hakumbuki waliko. Vidole vya mikono yote miwili vikaisha.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikampigia simu muuguzi mwenzangu wa zamani anayeishi Mombasa, naye ndiye aliyenielekeza kwa wakili huyu ninayemwandikia maoni haya hasa.

Ni mwanamke mwenye umri wa binti yangu wa pili. Kabla ya kumwendea nilikwisha mtazama katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama ana leseni ya mwaka ule, na ninyi fanyeni hivyo. Ni bure na huchukua dakika mbili. Nilidhani swali lake la kwanza litakuwa bajeti yangu. Aliniuliza, "Mama, mpaka sasa umekwisha toa shilingi ngapi, na umempa nani?" Nilipomwambia, hakunikemea. Akaandika. Kisha akasema, "Usitoe hata shilingi kumi tena mpaka nikupigie mimi mwenyewe."

Siku ya nane akanipigia. Alikuwa ameomba upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi. Majibu ni karatasi moja tu, nami bado ninayo nakala yake. Katikati pana mahali pa jina la mwenye mali, na palikuwa na jina la mtu mmoja. Wakili aliliwekea kidole. Yule bwana amefariki zamani. Aliyekuwa akiniuzia ni mjukuu wake. Mirathi haijawahi kupelekwa kwa Kadhi, hakuna aliyegawiwa fungu lake, na kwa hiyo hakuna mwenye cha kuuza. "Huyu kijana hakuibii," wakili aliniambia, "pengine anaamini kabisa ni yake kwa sababu ndiye anayeitunza. Lakini ukimlipa leo, hao wengine kila mmoja ana haki ya kukutoa." Akaniuliza tena kama nimehakikisha nyumba si wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, maana mali ya wakfu haiuzwi hata kama wote wa mtaa wamekubali, na Lamu nyumba za wakfu zipo. Mimi Mwislamu, nimekulia mtaa wenye msikiti, lakini lile sikuwa nimelifikiria.

Zile 60,000 nilizidai kwa miezi mitano. Nilirudishiwa 35,000. Zilizobaki niliambiwa zimetumika kwa "kuzunguka." Kwa hilo dalali nampa nyota moja, na ile moja ni ya vichochoro. Pia kwa sababu aliniambia jambo jingine lililoniumiza zaidi kuliko pesa: kwamba mimi ni mgeni, basi njia rahisi ni kuandikisha nyumba kwa jina la kijana wa pale, sisi tuandikiane karatasi pembeni.

Hapa ndipo niwaeleze sheria kama nilivyoelezwa, maana ndiyo kazi kubwa aliyonifanyia wakili.

Nilimuuliza lile swali ambalo nadhani kila Mtanzania angeliuliza: si sote ni Afrika Mashariki? Si kuna Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010? Akasema ndiyo, ipo, lakini kifungu chake cha 15 kinaliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Na sheria ya Kenya iko ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 65: asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa ukodi tu, yaani lizi, isiyozidi miaka 99. Hata muuzaji akikuandikia mkataba unaosema "milele," Katiba inausoma kuwa ni miaka 99 na hakuna zaidi. Na usidhani utaikwepa kwa kufungua kampuni. Kampuni ni ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu.

Kusema kweli niliposikia neno "mgeni" nilipandwa na machozi. Ninazungumza lugha ya mji ule, bibi yangu alitoka humo. Wakili aliniacha nikamaliza, halafu akaniuliza kwa upole, Mkenya akija Tanga anapewa ardhi vipi? Nikafikiri. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kumbe jirani yangu ananipa zaidi ya ninavyompa mimi. Machozi yakakauka.

Kuhusu kuandikisha kwa jina la kijana, jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Mama, siku kijana huyo atakapofariki, wanawe watairithi nyumba, na wewe utakuwa mpangaji wao usiye na mkataba."

Akanitahadharisha na mawili mengine. Mstari wa kwanza na wa pili wa viwanja vya ufukweni una masharti ya ziada kwa asiye raia, anahitaji kibali cha serikali kabla ya kununua. Na mashamba ya bara, yale ambayo tangu gati la kwanza la Bandari mpya ya Lamu lilipozinduliwa Mei 2021 kila dalali anayo mfukoni, ni ardhi ya kilimo. Muamala wake lazima upite kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi haimpi mgeni idhini. Tafuta nyumba ya mjini, akasema, yenye mwenyewe mmoja, aliye hai, na jina lake liko kwenye hati.

Ilinichukua miezi saba kuipata. Ni ndogo kuliko ile. Haina sabule, yaani chumba cha wageni, wala wikio, daraja la kuvukia nyumba ya pili, na mlango wake ni wa mbao za kawaida. Lakini ina kiwanda, ina msana wa tini na wa yuu, yaani wa chini na wa juu, na ndani kuna zidaka, safu tatu. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima anayeishi Mombasa, alinunua miaka ya nyuma kwa jina lake. Safari hii nilianza na mzee wa daka. Nilimwendea na halua, nikamuuliza nyumba ile ni ya nani. Akamtaja yule mama mmoja peke yake, na jina likaafikiana na karatasi ya upekuzi.

Bei ilianzia milioni 5.4 ikaishia 4.8, na ya kushukuriwa hapo ni fundi.

Fundi huyu kazi yake ni nyumba za kale tu. Nilimlipa shilingi 8,000 aikague kabla sijasaini chochote, na sijawahi kulipa pesa iliyonirudia haraka namna ile. Alikuja na ngazi, nyundo ndogo na kisu cha jikoni. Akaanza na dari ya msana wa tini. Dari hizi hubebwa na boriti za mkoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Aligonga boriti moja moja kwa nyundo huku akisikiliza. Katikati zote zililia vizuri. Kisha akasogea mahali boriti inapoingia ukutani, akachukua kile kisu, akakisukuma polepole. Boriti ya kwanza kiligoma. Ya pili kiligoma. Ya tatu kikaingia mpaka mpini, kwa urahisi kama unavyochoma papai. Akakichomoa kikatoka na unga mwekundu. "Hii inaonekana nzima," akasema, "lakini kichwa chake kimekufa. Maji yameingia ukutani kutoka juu." Akaweka alama ya mkaa. Alipomaliza nyumba nzima, kati ya boriti 42 alikuwa ameweka alama 17.

Halafu akanionyesha ukuta wa chini wa upande wa choo. Mmoja wa waliopata kukaa pale aliupaka saruji ili upendeze. Fundi akaugonga, ukasikika mtupu. Akabandua kipande cha saruji kama ganda la yai, na nyuma yake matumbawe yalikuwa yamelowa, yamejaa chumvi nyeupe iliyokuwa ikimomonyoka kwa kidole. Alinieleza kwamba matumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiziba kwa saruji maji hubaki ndani, chumvi hupanda, ukuta hufa huku uso wake unang'aa. Tangu siku hiyo kila nikipita mjini naziona nyumba zenye saruji chini na mstari wa chumvi juu yake, na najisikia vibaya kama ninavyojisikia nikimwona mama mjamzito mwenye miguu iliyovimba ambaye hakuna aliyempima presha.

Ile orodha ya boriti 17 na ukuta mmoja tulimpelekea mwenye nyumba. Hakubishana. Akashuka laki sita.

Mkataba ulikuja kwa Kiingereza, kurasa 14. Msaidizi wa wakili alinitumia kwa simu akaniambia nisome nisaini. Kiingereza changu ni cha hospitali. Nikampigia wakili mwenyewe, nikamwambia siwezi kusaini nisichokielewa. Akaniambia nije. Tulikaa saa mbili na nusu, akanisomea kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, mkononi ana penseli. Tulipofika kifungu cha 7 kinachosema nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu, nilimuuliza, "Na yule anayeweka magunia yake msana wa tini?" Akasimamisha penseli. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu anaweka mali yake mle. Kikaongezwa kifungu kwamba muuzaji amwondoe kabla ya salio kulipwa. Lau ningesaini kwenye simu, magunia yale yangekuwa shida yangu mpaka leo. Naona wakili anapaswa kufanya hivi kwa kila mteja bila kuombwa. Kwa kuwa ilibidi nimwombe, nampunguzia nusu nyota.

Malipo yalikwenda hivi. Asilimia 10, yaani 480,000, kwa wakili wa muuzaji, aizuie yeye na asimpe mteja wake mpaka mambo yakamilike. Salio ndani ya siku 90. Pesa zote zilitoka benki kwenda benki, kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Mume wa muuzaji alisaini ridhaa yake, maana sheria inataka ridhaa ya mwenzi. Muuzaji alitakiwa kulipa kodi ya kaunti aliyokuwa akidaiwa na kuleta cheti cha kutodaiwa. Mthamini wa serikali akaja, akakubaliana na bei yetu, nikalipa ushuru wa stempu: asilimia 4 kwa mali ya mjini, kwangu 192,000. Ili kuulipa lazima uwe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na mgeni huanza kuitafuta hiyo mapema, asisubiri mwisho kama nilivyotaka kufanya mimi.

Siku 90 zilipita, tukaongeza. Sababu ilikuwa jina langu. Pasipoti ina majina matatu, benki yangu ya Tanga ilikuwa na mawili. Wakili aliligundua kabla ya benki kuligundua, akaniandalia kiapo kwamba wote wawili ni mimi. Tazameni majina yenu leo, kabla hamjavuka mpaka.

Mwisho wa yote nilikabidhiwa hati yenye jina langu, ukodi wa miaka 99 kuanzia 2024. Nilipiga hesabu pale pale mezani. Itakwisha 2123. Mjukuu wangu ana miaka minne. Wakili aliniuliza nimepanga nini juu ya urithi, maana miaka itakayobaki ni mali na warithi wangu wa Tanga wataidai kwa utaratibu. Nikamwambia sitaki wanangu wawe vidole vya mikono miwili kwenye daka la mtu. Tumeandika, na nakala moja iko kwake, moja kwa mwanangu wa kwanza.

Dosari zake mbili. Ijumaa mchana hapatikani kwenye simu, na msaidizi wake hajui faili liko wapi. Pili, ada yake ya uwakili aliniambia tangu mwanzo, lakini "gharama ndogo ndogo" za nakala, usafiri na uwasilishaji zilifika 38,000, nami nilizijua siku ya kulipa. Hazikuwa za uongo, alinionyesha risiti zote. Lakini mstaafu anahesabu. Aandike makadirio siku ya kwanza. Nampa nyota nne na nusu, na nikiwa na ndugu anayetaka kununua nampeleka kwake kwa mkono wangu.

Nirudi kwa fundi, kwa sababu tuliendelea naye kwenye matengenezo. Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo huvunji wala hujengi kwa kupenda kwako. Mpango wako hupita kwa watu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mimi nilitaka dirisha kubwa upande wa kichochoro ili upepo wa kusi uingie. Nikaambiwa hapana. Fundi akanieleza kuwa upepo wa nyumba hizi unaingia kwa kiwandani, sio kwa kichochoroni, na alipobomoa ukuta wa matofali ambao mtu aliwahi kuziba nao upande mmoja wa kiwanda, upepo ukaja wenyewe. Sijutii lile dirisha hata kidogo.

Chokaa aliiloweka kwenye shimo wiki nyingi kabla ya kuitumia. Saruji yote ya chini aliibandua, akaliacha tumbawe likauke msimu mzima wa kaskazi. Boriti mpya zilikuja kwa mashua, kutoka gatini zikabebwa mabegani, na kila kilichobaki, mchanga, chokaa, kokoto, kikapanda punda. Hesabu ya punda ifanyeni mwanzoni. Mimi sikuifanya. Safari moja ni pesa ndogo, lakini kichochoro chetu punda hupita mmoja mmoja, na kwa miezi yote ile nadhani nimewalipa wenye punda zaidi ya nilivyomlipa seremala.

Fundi alisema miezi minne. Imekuwa tisa na bado. Kuna harusi, kuna msiba, kuna Maulidi ambapo mji mzima unahamia msikiti wa Riyadha na hakuna wa kushika mwiko. Siku nyingine alinyamaza wiki mbili bila kusema yuko wapi, na mimi nalala chini ya dari iliyofungwa kwa turubai. Hilo nilimwambia usoni kwamba halikunipendeza, akaniomba radhi. Kazi yake ni ya mikono isiyo na haraka wala ulaghai: nyota nne. Angenipigia simu zile wiki mbili ningempa tano.

Kuhusu kuhamia. Kununua nyumba Kenya hakukupi haki ya kukaa Kenya. Nilidhani hati ile ni kibali, sivyo. Nikiwa raia wa Afrika Mashariki napewa mpakani ruhusa ya matembezi ya hadi miezi sita. Niliuliza juu ya kibali cha daraja K, kile cha wanaojikimu kwa mapato yao wenyewe. Kinataka uwe umefika miaka 35 na uwe na mapato ya uhakika kutoka nje yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni ya mkunga wa Tanga haifiki huko. Kwa hiyo nakaa Lamu sehemu ya mwaka, sehemu nakaa kwangu Tanga, na sivunji sheria ya mtu.

Na kazi sifanyi. Hili linanigusa kuliko yote. Majirani wamejua mimi ni mkunga, na mara mbili nimegongewa usiku. Sina leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya wala kibali cha kazi. Mara zote mbili niliushika mkono wa mama, nikasema tumpeleke hospitali ya King Fahd sasa hivi, nikatembea naye mpaka mlangoni. Mtoto wa pili wamempa jina la bibi yangu. Mzee wa daka ndiye aliyelipendekeza, sikujua mpaka siku ya arubaini.

Birika la kiwandani limejaa tena, nimeweka samaki wadogo ndani wale viluwiluwi vya mbu, kama bibi alivyotusimulia. Safu za zidaka nimezipaka chokaa mwenyewe. Msana wa yuu bado hauna dari. Boriti sita ziko gatini zinasubiri wabebaji, na fundi ameahidi kurudi Jumamosi.